Mtoto wa dada ananiharibia duka, na dada ndiye aliyenisomesha

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, na ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Nilianza na misumari, rangi na mabomba ya maji. Siku hizi nauza pia saruji, nondo na mabati, na mafundi wa mitaa ya jirani wananijua kwa jina. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo dukani mkubwa ni mimi.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alinipigia simu akaniomba nimchukue kijana wake wa kwanza. Ana miaka 23, alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akabaki kijijini bila kazi. Sikusita. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, na dada huyu ndiye aliyekaanga maandazi na kulima vibarua kwenye mashamba ya watu ili mimi nivae sare ya shule. Hata kwenye mtaji wa duka kuna mkono wake. Nikamwambia, dada, huyo si wa kuombewa, ni wa kuletwa tu.

Mama, sasa ni zaidi ya mwaka, nimechoka. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi, maana fundi ananunua kabla hajaenda saiti. Akikuta mlango umefungwa anavuka barabara kwa jirani. Kijana anaingia saa mbili na nusu. Tunakaa nyumba moja, namwamsha mwenyewe, anaitika, nikitangulia anarudi kulala. Akiwa dukani mteja anamsubiri amalize kuchati. Anachukua hela ya mauzo "ya kula" bila kuandika. Na mwezi uliopita fundi mmoja alikutana nami njiani akanishukuru kwa mifuko 12 ya saruji niliyomkopesha. Mimi sijamkopesha mtu! Nilipomuuliza kijana akanijibu, "Ma'mdogo, yule ni jamaa yangu, atalipa, nilisahau tu kuandika."

Nimefoka, nimenuna, nimelia mbele yake. Kila wiki namwambia safari hii ni ya mwisho. Siku ya saruji nilimfungashia begi nikaliweka mlangoni. Usiku dada akapiga simu, analia, "Mdogo wangu, umesahau?" Begi nikalirudisha ndani kwa mikono yangu. Asubuhi yake alichelewa kama kawaida.

Nisikufiche, mshahara maalumu hana. Analala kwangu, anakula kwangu, nampa hela ya vocha na nguo, na akiumwa namtibu. Nilidhani kwa mtu wa nyumbani hiyo inatosha.

Kilichonifanya nikuandikie ni binti niliyemwajiri. Yuko nami mwaka wa tatu, namlipa kila mwezi, na hajawahi kunipa shida. Wiki iliyopita alichelewa nusu saa kwa sababu ya mvua, nikamwambia nitamkata siku nzima, na nikamkata. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Mama, hivi kanuni za hapa ni za kwangu peke yangu?" Tangu siku hiyo hazungumzi, na nasikia jirani wa ng'ambo anamtaka akamfanyie kazi.

Je, kijana nimfukuze? Nimkate hasara ya saruji? Na dada nitamtazamaje usoni?

Mama wa Vifaa, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza juu ya kijana, lakini naanza na binti, maana ndiye atakayeondoka kwanza. Swali lake lina haki, na wewe unajua lina haki, ndiyo maana limekuuma. Nusu saa ya mvua imemgharimu siku nzima. Saa moja na nusu ya usingizi, asubuhi baada ya asubuhi, haijamgharimu mwenzake kitu chochote. Mrudishie hela yake kesho, na umwambie kwa kinywa chako kwamba hukumtendea haki. Usiifanye ionekane kama zawadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeyataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara, na kumkata mtu siku nzima kwa nusu saa hakumo. Halafu mwambie kwamba unatengeneza utaratibu mpya utakaowahusu wote wawili, na umpe tarehe. Mfanyakazi mzuri haondoki kwa sababu bosi ana ndugu dukani. Anaondoka akishaona kwamba uaminifu wake ndio unaolipia uvivu wa ndugu huyo.

Sasa kijana. Hapa nitasema jambo ambalo pengine halitakupendeza. Kwenye kulipa, huyu umemfanya mtoto wa nyumbani. Kwenye kufoka, umemfanya mfanyakazi. Kijana wa miaka 23 anayeshinda dukani mwaka mzima bila mshahara, huku akiona fedha zinapita mikononi mwake kutwa, ataanza kujilipa. Atajilipa kwa "hela ya kula", atajilipa kwa usingizi, na atajilipa kwa kuwa mtu mkubwa mbele ya rafiki zake kwa saruji ya ma'mdogo. Sisemi ana haki. Alichofanya na ile mifuko 12 ni kosa, na tutafika huko. Nasema tu kwamba mahali ambapo hukuweka kipimo, yeye amejipimia mwenyewe.

Na sheria haiangalii undugu. Mtu anayekufanyia kazi kila siku, kwa saa unazozipanga wewe, ni mwajiriwa wako hata kama hakuna karatasi na hata kama anakuita mama mdogo. Kima cha chini cha mshahara cha sekta ya biashara kimepangwa kwa shilingi, na wali wa nyumbani haukifuti. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa hapo Morogoro ukaulize kiwango cha sasa, kisha umpangie mshahara usiopungua hapo, umlipe tarehe ileile unayomlipa binti, na usawa na wa binti kama kazi ni ileile. Umwandikishe NSSF pia, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama bado hujafanya hivyo kwa wote wawili. Najua utasema duka halina uwezo. Piga hesabu ya vocha, nguo, hela ya kula isiyoandikwa na saruji iliyotoka bila kulipiwa, uone tayari unamlipa kiasi gani bila yeye kujua na bila wewe kujua.

Ukishamlipa ndipo utakuwa na kitu cha kumdai.

Kuna jambo la pili lazima ulitengeneze wewe kabla hujamsemesha. Kama mnafungua saa moja asubuhi na kufunga jioni, hao watoto unawaweka dukani saa nyingi kupita kiasi. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Kinachozidi ni ovataimu, na huwa ya makubaliano na malipo yake ni mara moja na nusu. Wagawie zamu. Mmoja aingie saa moja asubuhi atoke saa tisa na nusu alasiri. Mwingine aingie saa tatu na nusu asubuhi afunge nawe saa kumi na mbili jioni. Ukiondoa saa ya chakula, kila mmoja amefanya saa 7 na nusu, na kwa siku 6 ni 45 kamili. Kila wiki wabadilishane. Usimpe kijana zamu ya mchana moja kwa moja eti kwa kuwa hapendi kuamka. Hapo utakuwa umeligeuza kosa lake kuwa zawadi, na binti ataona.

Nije kwenye hasira zako. Umefoka, umenuna, umelia, na begi limefika mlangoni likarudi. Kijana huyu si mzito wa kuelewa, amekusoma vizuri sana. Amejua kwamba asubuhi utawaka na jioni utapoa, na kwamba simu moja kutoka kijijini inalirudisha begi kabatini. Kila "safari hii ni ya mwisho" isiyokuwa ya mwisho imemfundisha kungoja tu ipite. Kwa hiyo sikushauri uongeze ukali. Nakuomba upunguze maneno, na adhabu uzichague ndogo.

Ile ya begi ilikuwa kubwa kuliko moyo wako. Usingeweza kumtoa nje usiku mtoto wa mtu aliyekulea, na yeye alilijua hilo kabla yako. Adhabu ya kufaa ni ile utakayoweza kuitekeleza hata siku umechoka, hata siku dada analia, hata siku kijana amekuchekesha mkiwa mezani. Na ifanane na kosa lenyewe. Anayechelewa hakabidhiwi ufunguo. Asiyeandika mauzo hagusi droo: mwezi mzima anapakia saruji, anapeleka nondo kwa wateja na kufagia stoo, huku fedha zinapokewa na mwenzake. Asiyeweza kuacha simu anaiacha kwenye kabati lako akiingia, anaichukua saa ya chakula. Hayo unayatekeleza siku ileile, kwa sauti unayotumia kumwambia mteja bei ya bati. Ukihutubia tu, umeshamrudishia nafasi ya kubishana.

Mkae wapi? Dukani, mchana, na mlango umerudishwa. Usifanye mazungumzo haya nyumbani mbele ya watoto wako, wala usiku ukiwa na hasira. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mwanangu, mwaka mzima sikukulipa, na hilo halikuwa sawa. Kuanzia tarehe moja una mshahara huu. Karatasi hii ina saa zako na kazi zako, na hii hapa chini ni kanuni ya kuchelewa, ya fedha na ya mkopo. Mwenzako amepewa karatasi hiyohiyo. Isome, uliza, kisha tutie saini." Nyamaza umsikilize. Huenda akakuambia jambo usilolijua. Huenda anataka kujifunza ufundi wa umeme na dukani amewekwa na mama yake. Kama ni hivyo, afadhali mlijue sasa. VETA wana chuo hapo hapo Morogoro, na ada ya kozi unaweza kuisaidia ukiwa na shangwe moyoni kuliko kumlisha akiwa anakuibia subira.

Kanuni zako ziwe chache. Mkopo unaidhinisha wewe peke yako, na mkopaji anatia saini kwenye daftari pamoja na namba yake ya simu. Hakuna bidhaa inayotoka bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. TRA wakikamata mzigo usio na risiti wanamtafuta mwenye duka, hawamtafuti mtoto wa dada. Hela ya chakula ni ya mfukoni mwao, si ya droo. Bandika lipa namba yako ukutani na uwahimize mafundi waitumie, mauzo yaingie kwenye simu yako moja kwa moja. Na kila jioni hesabu saruji. Imepangwa kwa safu, dakika tano zinatosha. Mwanangu, mifuko 12 ilitoka na wewe ukapata habari njiani, kutoka kwa mkopaji mwenyewe! Kijana mwenye tamaa akikuta stoo isiyohesabiwa, tamaa inakua.

Juu ya kumkata hasara ile: inawezekana, lakini kwa utaratibu. Sheria inataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umweleze kwa maandishi imetokeaje, ni kiasi gani na umekipataje. Umpe nafasi ya kupinga. Usimdai zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sasa, mtu asiyekuwa na mshahara utamkata robo ya nini? Kwa hiyo kwanza mfuate fundi aliyekushukuru. Amekiri mwenyewe kwamba anadaiwa. Nenda na kijana, na kijana ndiye aseme: "Saruji ile niliitoa bila ruhusa, tumekuja kupanga utalipaje." Ataona aibu, na aibu hiyo ameitafuta. Kile ambacho fundi hatalipa ndicho mtakachoandikiana, kidogo kidogo.

Akirudia? Usimfukuze kwa jazba. Yuko kwako zaidi ya miezi 6, na kuanzia hapo kumwachisha kazi kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinakuelekeza: makosa ya kawaida kama kuchelewa yanaanza na maonyo, na maonyo yawe na kumbukumbu. Yakifika pabaya, mwandikie tuhuma, mpe si chini ya saa 48 ajiandae, mruhusu aje na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia, msikilize, ndipo uamue. Wizi na udanganyifu mkubwa unaweza kumwachisha mtu hata kwa mara ya kwanza, ila kikao kiko palepale. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kawaida ni siku 28. Usipofuata hayo, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa karatasi, hutaulizwa begi. Wengi hudhani mambo haya ni ya makampuni makubwa. Yanalihusu na duka lako.

Nilitaka sana kufika kwa dada, kwa sababu naona ndipo moyo wako ulipokwama. Alikuuliza, "Umesahau?" Hukusahau, na usisahau kamwe. Lakini fadhila ile umekuwa ukiilipa kupitia kwa kijana, kwa kumwacha afanye apendavyo, na kwa njia hiyo haiwezi kumfikia dada. Saruji ya bure ilikwenda kwa jamaa wa mtaani. Dada hakupata hata kilo moja ya sukari. Mtumie dada hela yako, kila mwezi, kiasi ambacho hakitakutetemesha, kwa jina lake na kwenye simu yake. Akiumwa mlete hospitali. Paa lake likivuja, bati unazo. Hiyo fadhila ni kati yako na yeye, na ikishapata njia yake, haitajitokeza tena dukani kila unapotaka kumwambia kijana afike saa moja.

Na umpigie wewe kabla kijana hajampigia. Hupigi kuomba ruhusa. Unamheshimu asije akaisikia habari kwa mwingine. "Dada, shikamoo. Nimempangia mwanetu mshahara, na nimempangia saa na kanuni kama mfanyakazi mwingine. Nyumbani kwangu ni kwao, hapo hakuna swali. Dukani atafuata utaratibu, na akishindwa ataacha kazi, ila hatakosa pa kulala. Nimeona ulisikie kutoka kwangu." Atalia, labda. Mwache alie, usikate simu, na usibadilishe neno. Mwanamke aliyeamka alfajiri kukaanga maandazi ili mdogo wake asome anaijua saa moja asubuhi kuliko wewe na mimi. Akitulia, muulize kwa adabu kama yeye angemvumilia msaidizi anayegawa maandazi kwa rafiki zake.

Umeona kwamba nimetenganisha kazi na kitanda. Hilo ndilo litakalokupa nguvu. Ulipomfungashia begi, kijana alikuwa akipoteza kazi, chumba na ma'mdogo kwa pigo moja, na wewe ulikuwa ukimpoteza dada. Ukijua kwamba anaweza kutoka dukani na bado akala kwako jioni, akatafuta kazi nyingine au akaenda chuo, utaweza kusema "hapana" ya dukani bila kutetemeka. Na nyumbani mpe majukumu ya nyumbani kama mtu mzima: atandike, achote maji, achangie umeme kidogo akishapata mshahara. Usimwamshe. Mnunulie saa ya mlio, umkabidhi, basi. Akilala, kanuni ya ufunguo inafanya kazi yake.

Jipe miezi mitatu. Wiki za kwanza atakujaribu kuona kama ni yaleyale, na huko ndiko utakakochoka zaidi, kwa hiyo andika kila jambo kwenye daftari na tarehe, jema na baya. Akifika mapema wiki nzima mwambie umeona. Ukiwa na daftari hutategemea hasira zako kukumbuka.

Na ikifika mahali pa kuachana kikazi, mlipe siku zake zote alizofanya kazi na likizo yake ambayo hakuichukua, kisha umpe cheti cha utumishi, maana sheria inamtaka kila mwajiri akitoe. Usiandike humo habari za saruji. Andika alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani, apate cha kuonyesha kwingine.